Yule wa kwenye picha si kiwavijeshi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nililinunua stendi ya Mafinga nikisubiri gari la kurudi kijijini, na kama kawaida yangu nikaanza na ukurasa wa kilimo kabla ya matangazo ya vifo. Mlikuwa na habari ya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wanavyohangaishwa na viwavijeshi vamizi. Habari yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni picha. Bua la muhindi limepasuliwa kwa kisu, ndani amelala funza mnene, rangi ya krimu yenye waridi kwa mbali, kichwa cha kahawia, na chini yake mmeandika: “Kiwavijeshi vamizi akiwa kazini.” Mhariri, yule si kiwavijeshi vamizi. Yule ni funza wa mabua, mwenyeji wetu tangu enzi za bibi zangu, na hapo alipolala hakuna dawa ya kupuliza ambayo ingemfikia.

Mtasema huyu mama ana muda. Ninao. Niliuza pembejeo miaka 19, kuanzia 2003 hadi 2022, katika chumba kimoja kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, na kosa la picha yenu mimi nimelifanya kwa mdomo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tofauti ni kwamba la kwangu kuna mtu alililipia.

Ilikuwa Februari 2018. Mdudu mgeni, yaani huyu kiwavijeshi vamizi, alikuwa ameshatajwa nchini mwaka uliotangulia, baada ya kuonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 akitokea Amerika, na redio zote zilikuwa zinamwimba yeye. Akaja dukani mzee mmoja wa rika la marehemu baba yangu. Tukasalimiana, nikampa kigoda, akasema, “Mwanangu, wale wa redioni wamefika kwangu. Majani yana matundu, na mihindi mingine katikati panakauka. Ukilivuta lile jani la katikati linachomoka lenyewe.”

Hapo ndipo ningesimama. Mtu akikwambia jani la katikati linachomoka lenyewe, limenyauka na huku chini limeoza, ameshakutajia jina la mdudu. Mgeni naye anaweza kuuharibu moyo wa muhindi, lakini mwenye sifa hiyo hasa ni funza wa mabua: anashuka kutoka kwenye majani machanga, anaingia ndani na kukata kichipukizi kwa chini. Lakini nilikuwa na foleni ya watu wa mbolea ya kukuzia, chupa za dawa zilikuwa zimeshuka kwenye gari asubuhi ile, na redio ilikuwa imeniaminisha kwamba mwaka ule kila tundu lilitobolewa na kiwavijeshi. Nikampa chupa. Baada ya wiki mbili akarudi, nikampa nyingine. Akarudi tena.

Mwishoni mwa Machi alikuja hana pesa mkononi. Alikuwa na mzigo wa mabua kwenye kerea ya baiskeli. Akayaweka juu ya kaunta yangu, akaomba kisu, akapasua moja, la pili, la tatu. Ndani ya kila bua palikuwa na njia iliyojaa uchafu kama unga uliolowa, na mwenye njia akiwa bado yumo, mzima, amenona. Yule mzee hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, “Mwanangu, uliniuzia maji ya kunawa?”

Nilitaka kumrudishia pesa za chupa zote tatu. Alipokea ya moja. Mbili alikataa, akasema na yeye ana macho, angepasua bua mapema.

Agosti ile nikaenda Mbeya kwenye Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Sikwenda kutazama ng’ombe. Nilizunguka kwenye mabanda mpaka nikampata kijana mmoja aliyekuwa na wadudu kwenye vichupa, nikamng’ang’ania kama saa nzima hivi, masikini. Alinifundisha jambo moja ambalo laiti ningelijua Februari: nianzie mkiani.

Kila anayemweleza kiwavijeshi vamizi hukimbilia kichwani. Wanakuambia ana mistari myeupe usoni, imekaa kama herufi Y iliyopinduliwa. Ni kweli anayo. Lakini alama ya namna hiyo, japo hafifu zaidi, inaonekana hata kwa viwavi wengine, akiwemo kiwavijeshi wetu wa zamani, na mtu mwenye umri wangu anayetazama kichwa cha kiwavi bila miwani anaona Y popote anapotaka kuiona. Mkiani hapadanganyi hivyo. Pingili ya pili kutoka mwisho ina madoa manne meusi, makubwa, yamekaa mraba kama miguu ya kigoda kilichopinduliwa. Pingili za kati nazo zina madoa manne manne, ila hayakai mraba: mawili ya mbele yamekaribiana, mawili ya nyuma yameachana. Ni ile pingili ya mkiani peke yake yenye kigoda. Ukikiona, umempata. Usipokiona kwa kiwavi aliyekwisha kukua, mwachie mwingine lawama.

Nasema aliyekwisha kukua kwa makusudi. Wakiwa ndiyo kwanza wametoka kwenye mayai, wote ni kama kipande cha uzi chenye kichwa cheusi, na hata yule kijana wa vichupa alikiri kwamba kwa macho matupu hawezi kuapa. Lakini wakati huo kutowatofautisha hakuna hasara kubwa, kwa sababu wote wawili, mgeni na funza wa mabua, wako palepale kwenye majani machanga yaliyojikunja katikati ya muhindi, na wote wawili hapo ndipo wanapofikika. Hasara inaanza baadaye, mmoja anapobaki juu akila na mwingine anapozama kwenye bua.

Niliporudi nilibandika karatasi kaunta: BILA MDUDU SIKUUZII DAWA. Wateja walinicheka, wengine wakahamia duka la jirani ambako hawakuulizwa maswali. Waliobaki wakaanza kuniletea wadudu. Wakaja kwenye makopo ya mafuta ya kujipaka, kwenye viberiti, kwenye mifuko ya nailoni kabla haijapigwa marufuku 2019. Mwanafunzi mmoja alimleta wake kwenye kibegi cha kalamu, akaniambia shangazi usimuue, ni wa kwangu. Na mama mmoja alinihakikishia ameweka viwavi watano ndani ya kiberiti. Tulipokifungua walikuwa wawili na kipande cha wa tatu. Alidhani wametoroka. Sikuhitaji hata miwani. Kiwavijeshi vamizi anamla ndugu yake. Ndiyo maana mayai yanatagwa mia na zaidi kwenye kichaka kimoja, yamefunikwa manyoya kama ukungu wa mkate, lakini siku za mwishoni ukifunua moyo wa muhindi mmoja unakuta dume moja limebaki na nyumba yake.

Wale wadudu nilikuwa nawatia kwenye chupa tupu za dawa ya kikohozi, nazijaza spiriti, nazipanga rafuni. Hapo nikajifunza jambo la pili ambalo hakuna aliyenifundisha. Baada ya wiki chache rangi zote zilikuwa zimeondoka. Yule wa waridi amekuwa mweupe, wa kijani amekuwa kama mshumaa. Madoa yalibaki. Tangu hapo mtu akiniambia “ni yule wa kijani” au “ni yule mweusi” namwomba aniambie jambo lingine. Mgeni huyu nimemwona wa kijani, wa kahawia, na mwingine anaelekea weusi kabisa. Kiwavijeshi wa zamani, wakiwa wengi pamoja, ni mweusi mgongoni kama mahameli. Akiwa peke yake anaweza kuwa wa kijani. Funza anayekula ncha ya hindi bichi huja kwa rangi anayoitaka. Rangi ni shahidi aliyenunuliwa.

Bora majani. Majani yanasema hata kama mdudu mwenyewe amejificha, na mzee wangu wa baiskeli angeniletea jani moja tu tungeokoa shamba. Funza wa mabua akiwa mchanga anakula jani likiwa bado limejikunja, kwa hiyo linapofunguka unakuta vitundu vidogo vimejipanga mstari kukata upana wa jani, kama mtu aliyepitisha sindano kwenye nguo iliyokunjwa. Baadaye majani yanatulia, hayaongezeki matundu, na mkulima anashukuru dawa imefanya kazi. Haikufanya. Mdudu amehamia ndani. Kuanzia hapo tafuta tundu kwenye bua na uchafu unaotokea pembeni.

Mgeni anaanza kwa kukwangua upande mmoja wa jani na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, vidirisha vidogo vidogo. Akikua anararua. Matundu yake hayana adabu, makubwa kwa madogo, kingo zimechanika, na katikati ya muhindi anaacha lundo la kinyesi chenye majimaji ambalo likikauka ni vumbi la msumeno tupu. Sisi watu wa Mafinga hatuhitaji kuelezwa vumbi la msumeno, tumekulia kwenye viwanda vya mbao. Lile lundo ni alama, lakini pia ni mlango. Akishakuwa mkubwa anakaa chini yake na dawa inaishia juu. Ndiyo sababu ya kumuwahi akiwa hajazidi urefu wa ukucha wa kidole gumba, na kupuliza alfajiri au jioni jua likizama, ncha ya bomba ikielekezwa kwenye moyo wa muhindi. Watu wetu wanapuliza saa nne asubuhi wakitembea kama wanaomwagia maua, halafu wanakuja kulalamika dukani. Nami niliwauzia kwa miaka dawa za jamii ya pairethroidi, za bei nafuu, bila kujua kwamba huyu mgeni alitoka kwao akiwa ameshazizoea nyingi za jamii hiyo.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, maana naona ndilo lililowaponza hata ninyi. Neno “jeshi.”

Sisi tuliokulia huku tunalijua jeshi. Ni yule kiwavi wa zamani, ambaye mababu walimjua kabla ya bwana shamba yeyote kukanyaga hapa. Mvua za kwanza zinanyesha, upepo unaleta vipepeo usiku, na wiki chache baadaye unaamka unakuta ardhi inatembea. Wanaanguliwa kwa pamoja, wanakula kwa pamoja, wanaanzia ukingoni mwa jani mpaka unabaki uti wa katikati umesimama kama mfupa wa samaki. Hawachagui mahindi peke yake. Tazama nyasi za kando ya njia: kama nazo zimenyolewa, ni wao. Na kama umechanganya mahindi na maharage, kama nifanyavyo mimi, maharage utayakuta yamesimama hayakuguswa, kwa sababu huyu ni mla nyasi na ndugu zake nyasi, na muhindi ni nyasi. Wakimaliza wiki zao mbili tatu wanazama ardhini wote kwa mkupuo. Nimeuza dawa nyingi kwa watu waliokwenda kupuliza shamba ambalo kiwavi hayumo tena, wakarudi kunishukuru. Na shukrani nilizipokea, Mungu anisamehe.

Huyo ndiye anayestahili cheo cha jeshi. Anatabirika kwa mitego ya kunasa vipepeo, anatangazwa, anakuja, anaondoka. Mgeni si jeshi. Ni mpangaji asiyelipa kodi. Anakaa mmoja mmoja, shamba lako limeliwa hapa na pale, la jirani halijaguswa, na hakuna asubuhi utakayoamka ukute ameondoka. Kipepeo anataga tena, kizazi kinashika kizazi, kwenye joto kama siku 30 tu kutoka yai hadi kipepeo. Kwenye baridi yetu ya Mufindi anakwenda polepole zaidi, na hilo ndilo jambo pekee ambalo baridi yetu imewahi kunisaidia. Tulipomwita naye kiwavijeshi, watu walimngoja kama wanavyomngoja yule wa zamani. Msimu wa kwanza jirani zangu walikuwa wananiambia, “Acha, baada ya wiki mbili wataondoka wenyewe.” Wataalamu waliomwita hivyo walikuwa na sababu zao za ukoo wa wadudu, nao kweli ni ndugu. Lakini mkulima hanunui ukoo.

Afadhali tungemwachia jina la mitaani. Dumuzi, yule wa ghalani, naye alitoka Amerika na akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu walimwita Scania. Hakuna aliyewahi kumchanganya Scania na mdudu mwingine.

Kuna mchanganyo mwingine ambao msomaji wenu wa bondeni atakuwa ameshaanza kunisahihisha kichwani. Shemeji yangu wa Pawaga aliniletea funza kutoka kwenye bua, ana madoa mwili mzima, akaniambia, “Haya, wewe mama wa madoa, huyu ni nani?” Nilikuwa karibu kusema ni mgeni. Kisha nikatazama mkiani, sikukuta kigoda. Madoa yake yamepangwa mistari minne ya kahawia kutoka shingoni hadi nyuma, kama vifungo vya koti, wala hayana mraba popote. Huyo ni funza wa mabua vilevile, ila wa nchi za joto, asili yake Asia, na huku kwetu juu kwenye baridi si wa kawaida. Wa kwetu ni yule asiye na madoa ya kuonekana, yule wa picha yenu. Kwa hiyo mtu wa Pawaga au wa bonde la Usangu, na mtu wa Mufindi au Makete, wote wakisema “funza wa mabua” hawasemi mdudu mmoja. Bahati nzuri kwa hao wawili tiba inafanana, kwa hiyo sikumsumbua shemeji kwa somo refu. Tulikula ugali.

Funza wa kwenye ncha ya hindi nitampita haraka, kwa sababu naona hana thamani ya ugomvi. Kama anakula ndevu na punje chache za juu, ana vinywele vifupi mwilini na ngozi inayokwaruza, na hana kigoda mkiani, mara nyingi ni yule yule ambaye watu wa Ilula wanamjua kwenye nyanya. Mgeni naye anaingia kwenye hindi, hata kwa kutoboa ganda ubavuni. Lakini muhindi ukishafika hapo na wewe bado unabeba bomba, unapuliza pesa na unapuliza chakula. Kata ncha, choma hindi lako, ule.

Kinachoniuma zaidi ni kiangazi, kwa sababu kiangazi hakuna anayeandika habari za wadudu. Na ni hapo ambapo kuwachanganya kunatugharimu mwaka unaofuata.

Funza wetu wa mabua analala. Mahindi yakikauka naye anaacha kula, anajifungia ndani ya bua kavu kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani, anangoja. Mvua za Novemba zinapolilowesha bua anaamka, anageuka kipepeo, anaruka kwenda kwenye mihindi yenu michanga, ambayo mmeipanda hatua chache kutoka kwenye ule uzio wa mabua mliouzungushia bafu. Huo uzio ni bweni lake. Mabua mliyoyaacha yamesimama shambani ni bweni. Kwa huyu, kulisha ng’ombe mabua mapema, kuyafukia, au hata kuyakata na kuyalaza chini juani wiki kadhaa kunapunguza kweli. Bibi yangu alikuwa anayalaza. Alisema anayakausha yawe kuni nyepesi. Sijui kama alijua kingine.

Kiwavijeshi vamizi hajui kulala hivyo. Anageukia ardhini, sentimita chache chini ya udongo, na akitoka anataka jani bichi la kutagia. Mwaka 2019 na 2020 tuliambiwa kwenye mikutano tuchome mabua ili tumtokomeze. Watu walichoma. Moshi ulikuwa mwingi, na udongo ukabaki uchi. Msimu ukafika naye akafika. Hakuwa kwenye mabua. Alikuwa mabondeni kwenye vinyungu vyetu, yale mashamba madogo ya kiangazi, anakula mahindi mabichi tunayopanda Julai na Agosti ili tuuze ya kuchoma pale barabarani mabasi yanaposimama. Vinyungu ndivyo daraja lake la kuvukia kiangazi. Sisemi tuviache, hivyo ndivyo vilivyosomesha wanangu wawili. Nasema mwenye kinyungu ndiye wa kufunua moyo wa muhindi Septemba, kusaka mayai chini ya jani na kuyasugua kwa vidole, wakati wadudu ni wachache na shamba ni hatua 30 kwa 20. Kazi ya asubuhi mbili. Nami naifanya, na wajukuu nawalipa shilingi 50 kwa kila kichaka cha mayai, ingawa mmoja wao nilimkamata akikata kichaka kimoja kuwa viwili.

Kwa hiyo mmoja dawa yake ya kiangazi iko kwenye bua kavu, mwingine iko kwenye jani bichi. Ukiwapa jina moja utamfanyia mmoja na kumwacha mwingine, au hutamfanyia yeyote.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu akienda shambani apige picha ya mkia, si ya mkulima aliyeshika kiuno. Aichape kwa rangi, kubwa, mwanzoni mwa Desemba kabla ya palizi ya kwanza. Habari yenu ilitoka Machi, mwezi ambao funza wa mabua ameshazama ndani ya bua. Na kabla ya kuandika maelezo chini ya picha mwulizeni mtu. Mabwana shamba tunao, hata kama mmoja anagawanywa vijiji vinne na pikipiki haina mafuta. Wataalamu wa mimea wapo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya. Na muuza duka la pembejeo naye aulizwe, siyo kwa sababu anajua, bali kwa sababu ndiye mtu wa mwisho kuongea na mkulima kabla chupa haijafunguliwa. Mimi nilikuwa huyo mtu wa mwisho na nilinyamaza.

Yule mzee alifariki 2021. Misimu miwili kabla ya hapo alikuwa akija dukani na jani moja limekunjwa kwenye gazeti, anaweka kaunta, anakaa kwenye kigoda, anasema, “Haya, soma.” Mara ya kwanza nilisoma nikamwambia, baba, hapa hakuna cha kununua, nenda nyumbani. Alicheka mpaka akakohoa.

Picha yenu nimeikata. Nimeibandika ndani ya mlango wa stoo nilikohifadhi zile chupa za spiriti, nikayafuta maelezo yenu kwa kalamu na kuandika: “Funza wa mabua, wa huku juu.” Jina langu mnalo kwenye bahasha, lakini naomba msilichape. Wengi niliowauzia zile chupa bado tunasalimiana.

Muuza pembejeo mstaafu,
Mafinga, Iringa